Shajara ya mradi: filimbi ya kufundishia matundu

Jumamosi. Ninachotaka kutengeneza

Filimbi ya kupulizia ubavuni, ya bomba la plastiki, yenye matundu sita ya vidole. Haitapanda jukwaani. Kazi yake ni kumwezesha mtu ambaye hajawahi kushika filimbi aone na asikie kila tundu linafanya nini, kabla hajapewa chati ya vidole.

Chati hizo ndizo zilizonichokoza. Safu ya viduara vyeusi na vyeupe. Mwanafunzi anakariri, anapanda kutoka do hadi ti bila shida, na bado ukimwuliza kwa nini fa inatoka kwa vidole vile anabaki kukutazama. Wengi wanaamini kila tundu limebeba noti yake, kama vibonye vya kinanda: hili la re, hili la mi. Filimbi haiendi hivyo. Noti inatokana na urefu wa hewa inayotikisika ndani ya bomba, na matundu ni njia ya kuufupisha urefu huo bila kukata bomba. Anayelishika hilo chati anaweza kujiandikia.

Nimechagua ufunguo wa G, yaani do ya filimbi hii ni noti G. Filimbi nyingi za matundu sita ni za D, lakini za D ni ndefu na vidole vya mkono wa kulia hutanuka sana. Mtu mzima huzoea. Mtoto huona mkono wake ndio wenye kasoro.

Jumapili. Hesabu kabla ya msumeno

Bomba nililonalo lina kipenyo cha ndani cha mm 16 na ukuta wa mm 2.

Filimbi huhesabiwa kuwa bomba lililo wazi pande zote mbili: ncha ya chini upande mmoja, tundu la kupulizia upande wa pili. Kule juu kabisa kuna kizibo, ni kweli, ila hewa inapata njia kwenye tundu la kupulizia kabla ya kukifikia. Bomba la namna hiyo linapotoa sauti yake ya chini kabisa, wimbi lina urefu mara mbili ya bomba. G ninayoitaka ina mitikisiko 392 kwa sekunde. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 23 za Selsiasi, sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde. Gawanya 345 kwa 392, unapata mita 0.88, nusu yake ni mm 440.

Ukikata mm 440 kamili, hata hivyo, utapata noti iliyo chini ya G. Hewa haiachi kutikisika pale plastiki inapoishia. Kwenye ncha iliyo wazi hujiongezea urefu wa takriban 0.3 ya kipenyo, yaani kama mm 5 kwa bomba hili. Kwenye tundu la kupulizia nyongeza ni kubwa zaidi, kwa kuwa tundu hilo ni dogo kuliko bomba na mdomo wa chini unalifunika sehemu. Nyongeza hii hubadilika kati ya mpulizaji na mpulizaji, kwa hiyo sikuipigia hesabu. Nimekata bomba refu kuliko linavyohitajika, nitalipunguza kwa kusikiliza.

Jumatatu jioni. Vipande viwili badala ya kimoja

Filimbi ya matundu sita inaweza kuwa bomba moja tu, na rahisi kabisa kutengeneza ni hiyo. Mimi nimeikata vipande viwili, kichwa na kiwiliwili, vikiunganishwa kwa mkono wa bomba pana kidogo unaobana kwa nje.

Sababu ni za kufundishia. Kwanza, anayeanza hana budi kuanza na kichwa peke yake. Akipewa filimbi nzima siku ya kwanza, akili inakimbilia vidole na midomo inasahaulika, kisha sauti isipotoka analaumu vidole. Pili, kiungio kinaruhusu kugeuza kichwa kidogo kwa ndani au kwa nje mpaka tundu la kupulizia likae sawa na midomo yake. Tatu, ukivuta kichwa nje milimita chache filimbi nzima inashuka, ukikisukuma ndani inapanda. Hivyo ndivyo wapigaji wanavyokubaliana kabla ya kupiga pamoja.

Ya nne niliipata baadaye, na ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Nitaifikia.

Jumatano. Tundu la kupulizia

Hapa nilitumia muda mwingi kuliko matundu mengine yote sita kwa pamoja, na sijutii. Ukiharibu tundu la kidole umeharibu noti moja. Ukiharibu hili umeharibu filimbi.

Nililitoboa dogo kwa drili, bomba likiwa limebanwa kwenye jiriwa, kisha nikalipanua kwa tupa ya mviringo hadi likawa yai la mm 10 kwa 11, refu kufuata urefu wa bomba. Ukuta wa mm 2 ni mwembamba kwa kazi hii. Filimbi ya okestra ina kama mm 5 kutoka uso wa kibao cha mdomo hadi ndani ya bomba. Basi nikakata pete ya bomba lile lile, nikaipasua upande mmoja, nikaitanua na kuivalisha juu ya kichwa kwa gundi ya mabomba kabla ya kutoboa. Ukuta ukawa mm 4. Pete hiyo ndiyo kibao changu cha mdomo, na pia humwonyesha anayeanza mahali pa kuegemeza mdomo wa chini.

Ukingo unaohusika ni ule wa mbali, unaotazamana na mpulizaji. Mkondo wa hewa kutoka midomoni unaugonga na kuyumba: mara unaingia ndani, mara unapita juu. Hewa iliyomo bombani ndiyo inayouamuru uingie lini na upite lini, mara 392 kwa sekunde kwa do yetu. Ukingo uliochakaa au wenye vinyuzi vya plastiki hutoa sauti ya upepo mwingi na noti kidogo. Nikausafisha kwa msasa laini mpaka ukucha ukipita haukwami. Ukali ubaki, ila kusiwe na mikwaruzo.

Barakoa ni lazima wakati wa kusaga plastiki hii. Na asiitoboe mtu kwa chuma cha moto, hata kama ndiyo njia ya haraka: moshi wa PVC, plastiki ya bomba hili, una asidi ya hidrokloriki, si wa kuvuta.

Jaribio la kichwa peke yake: funika mwisho wake wa chini kwa kiganja, pulizia, kisha fungua. Sauti inaruka juu kwa takriban oktava nzima, yaani kama kutoka do hadi do inayofuata. Bomba ni lile lile na pumzi ni ile ile, ila bomba lililozibwa upande mmoja hutoa wimbi lenye urefu mara nne ya bomba, na lililo wazi mara mbili. Hilo ndilo somo la kwanza la matundu, na bado hatujatoboa hata moja la kidole.

Alhamisi. Kizibo

Watu hukipuuza kwa sababu hakionekani. Ni kipande cha koki, kama kile cha kuzibia chupa, ndani ya kichwa, juu kidogo ya tundu la kupulizia. Kanuni ya kuanzia ni kukiweka umbali unaolingana na kipenyo cha bomba kutoka katikati ya tundu, kwangu mm 16. Kwenye filimbi ya okestra ni mm 17, na ile fimbo ya kusafishia huwa na alama mahali hapo: ukiiingiza ndani, alama ionekane katikati ya tundu la kupulizia.

Kukisogeza hakubadilishi sana do ya chini. Kunabadilisha uhusiano kati ya oktava ya chini na ya juu. Kizibo kikikaa mbali mno na tundu, noti za juu hushuka. Kikisogea karibu mno, hupanda kupita kiasi. Nilikiacha bila gundi ili nikionyeshe kwa vitendo: piga so ya chini, piga so ya juu, sogeza, rudia. Hata asiyejua muziki husikia zinavyoachana.

Jumamosi. Matundu sita

Kwanza nikapunguza ncha ya chini kidogo kidogo hadi bomba tupu likatoa G, likiwa na mm 402 kutoka katikati ya tundu la kupulizia. Nikasimama hapo makusudi, maana ncha nitairudia.

Hesabu ya matundu huanzia mdomoni. La kwanza, la pili na la tatu ni ya mkono wa kushoto: kidole cha shahada, cha kati na cha pete. La nne, la tano na la sita ni ya mkono wa kulia, kwa vidole hivyo hivyo. Vidole gumba vinashikilia tu.

Haya ndiyo mahali yalipokaa kwenye bomba langu, kutoka katikati ya tundu la kupulizia hadi katikati ya kila tundu: la kwanza mm 180, la pili 213, la tatu 245, la nne 278, la tano 300, la sita 343. Anayetumia bomba lenye kipenyo kingine asiyanakili.

Tazama nafasi kati yao. Kutoka la sita hadi la tano ni mm 43. Kutoka la tano hadi la nne ni mm 22 tu. Aliyeimba kwaya anajua sababu. Re kwenda mi ni toni nzima, mi kwenda fa ni nusu toni. Ngazi ya sauti imeandikwa kwenye bomba na unaweza kuisoma kwa rula.

Tundu la sita ndilo lililonipa kazi. Lingekuwa pana kama bomba lenyewe, lingekaa karibu na mm 352. Kidole cha pete cha mtoto hakifiki huko bila kupinda kiganja, na tundu la mm 16 halifunikwi na kidole cha mtu yeyote. Kwa hiyo nililipandisha hadi 343 na kulifanya la mm 8. Tundu likisogea kuelekea mdomoni sauti hupanda, likiwa dogo sauti hushuka, na mambo hayo mawili yakapatana. Karibu kila tundu kwenye filimbi ya namna hii ni maafikiano kati ya hewa, sikio na kidole. Ndiyo maana ukiitazama filimbi ya fundi mzuri matundu hayalingani ukubwa wala nafasi, na anayeanza hudhani ni kazi ya ovyo.

Nilianza na la sita nikapanda. Kila tundu nililitoboa kwa ncha ya mm 5, noti ikatoka chini kuliko inavyotakiwa, kisha nikapanua kwa tupa huku programu ya simu ikinionyesha senti (nusu toni moja ni senti 100). Noti ikiwa chini kidogo unapanua ukingo wa upande wa mdomoni. Ikishapanda kupita kiasi, dawa ni nta ndani ya tundu, na hiyo ni aibu ndogo ambayo filimbi huibeba maisha yake yote.

Pumzi ina joto, na filimbi baridi hupiga chini: kila nyuzi moja ya Selsiasi ni karibu senti 3. Kwa hiyo nilipiga piga kwanza hadi bomba likapata joto ndipo nikaamini simu.

Jumapili. Ncha ya chini

Matundu yote yakiwa tayari, do imeshuka kwa senti kadhaa, ingawa ncha sikuigusa. Nilikuwa nimeiachia nafasi kwa ajili hiyo. Tundu lililofungwa kwa kidole bado ni kishimo kwenye ukuta, nacho humwongezea hewa ya ndani ujazo kidogo. Sita kwa pamoja zinasikika. Kwenye urefu huu milimita moja ni karibu senti 4. Nikasaga ncha hadi mm 400 na do ikarudi mahali pake.

Jumanne. Mpwa wangu anaijaribu

Ana miaka kumi na hajawahi kupiga ala yoyote. Kichwa peke yake kilimpa sauti baada ya kuambiwa jambo moja: afunike kama theluthi ya tundu kwa mdomo wa chini, na apulize kama anayetaka kuipeleka pumzi kwenye ukingo wa ng'ambo, si ndani ya shimo.

Nikafunika matundu yote sita kwa utepe. Anapulizia, mimi nabandua moja moja kuanzia chini. Do, re, mi, fa, so, la, ti. Hakugusa tundu hata moja kwa kidole, lakini ngazi nzima imetoka, na anaona kwamba sauti inapanda kwa jinsi mahali palipo wazi panavyousogelea mdomo wake.

Kisha nikamwacha acheze. Alifunga la kwanza na la pili, akaacha mengine wazi, akapata so. Akafunga la sita. Hakuna kilichobadilika. Akalifungua, akalifunga tena.

"Mjomba, hili la mwisho limeharibika?"

Swali hilo nilikuwa nalisubiri. Nikamwambia arudi kwenye so, afunge la nne peke yake asikilize. Sauti ikashuka kidogo. La tano: ikashuka kidogo kuliko hivyo, karibu usisikie. La sita: wala. Akafikiri, akasema hewa ishatoka huko juu, hili la chini inalifuata nini? Sina cha kuongeza, ila kwamba haitoki yote. Tundu la kwanza lililo wazi ukihesabu kutoka mdomoni ndilo linaloamua noti; linalofuata likifungwa linaishusha kidogo; yaliyo mbali hayana neno.

Huko kushusha kidogo ndiko wapigaji wanakokutumia. Ukifungua matundu yote unapata ti. Ukiacha la kwanza wazi na kufunga la pili na la tatu, ti inashuka nusu toni nzima, na noti ambayo haina tundu lake imepatikana. Ujanja huu hufanya kazi vizuri matundu yakiwa madogo. Yakiwa mapana mno, la kwanza linatawala na kufunga ya chini hakuleti tofauti ya maana.

Oktava ya juu ameipata kwa bahati, kama wote. Midomo ikikaribiana zaidi na pumzi ikienda kwa kasi, hewa ya ndani inajigawa mara mbili na noti inaruka, vidole vikiwa vile vile. Kwa do ya juu inasaidia kuinua kidole cha kwanza.

Alhamisi. Filimbi ya okestra mezani

Nimeazima moja ili niiweke kando ya ya plastiki. Urefu kama sm 67, kipenyo cha ndani mm 19 kwenye kiwiliwili, vipande vitatu: kichwa chenye kibao cha mdomo, kiwiliwili, na mguu. Kichwa hakijanyooka kwa ndani. Hujibana hadi kama mm 17 kuelekea kwenye kizibo. Juu kabisa kuna kifuniko kama taji, na wanafunzi hupenda kukizungusha wakiwa hawana la kufanya. Kimeunganishwa na kizibo, kwa hiyo kukizungusha ni kukihamisha kizibo. Wasikizungushe.

Ukiitazama mara ya kwanza unaona vibonyezo, si matundu. Chini ya karibu kila kifuniko kuna tundu pana kuliko yangu yote, na idadi yao inazidi ya vidole. Hii ni kazi ya Theobald Boehm wa Munich, mpiga filimbi aliyekuwa pia na ufundi wa sonara. Mwaka 1832 alitoa muundo wake mpya wa vidole, na 1847 akatoa bomba lililonyooka lenye kichwa kinachojibana. Alifanya kinyume cha nilichofanya kwenye tundu la sita. Aliweka matundu pale hewa inapoyataka, kwa ukubwa hewa inaoutaka, kisha akaunda mitambo ya kuyafikishia vidole. Vidole tisa vina kazi. Kidole gumba cha kulia kinabeba uzito tu.

Kwa anayeanza, somo halibadiliki: tafuta kifuniko cha kwanza kilicho wazi kutoka mdomoni. Kinachoweza kumchanganya ni kwamba vifuniko vingine, kama cha kidole cha mwisho cha kulia, hukaa vimefungwa na hufunguka ukivibonyeza.

Kwa upande mwingine wa historia, kule Hohle Fels, Ujerumani, mwaka 2008 ilichimbuliwa filimbi ya mfupa wa tumbusi yenye matundu matano ya vidole na umri wa zaidi ya miaka 35,000. Aliyeitoboa hakuwa na simu ya kumwonyesha senti.

Jumamosi. Mabomba tupu

Sasa ile sababu ya nne ya kukata filimbi vipande viwili. Kichwa kinachochomoka kinaweza kuvaa kiwiliwili chochote. Nimechukua bomba lisilo na tundu, nikalichomeka kwenye kichwa kile kile, nikalipunguza hadi likatoa mi sawasawa na filimbi. Nikakilaza kiwiliwili chenye matundu kando yake, ncha za kwenye kiungio sambamba. Bomba tupu linaishia mm 309, tundu la tano liko mm 300. Tofauti ni mm 9.

Ukiviweka viwili hivyo mbele ya mtu, maneno hayahitajiki sana. Anaona tundu limefanya karibu kazi ya msumeno, na anaona kwa nini neno ni "karibu": tundu ni dogo kuliko bomba, kwa hiyo hewa inatikisika kidogo kupita pale ilipo, na fundi hulisogeza juu ili kufidia. Mpwa wangu aliuliza kama tundu likipanuliwa tofauti ingepungua. Ingepungua.

Yaliyobaki ni mabomba tupu ya noti nyingine. La so nalianza kesho. Kwa hesabu litaishia karibu mm 254, dhidi ya tundu la tatu lililo 245, kwa hiyo nitakata 260 na kuteremka kwa msasa. La fa nalitarajia liwe na tofauti kubwa zaidi ya hiyo, kwa sababu tundu la nne ndilo dogo kuliko yote.